Ufunguo wa Tatu

Wasomaji wangu, mliniacha wiki jana nje ya kanisa letu, Kathonzweni, saa saba mchana, mume wangu Ndeti amelazwa kiti cha nyuma mdomo umepinda, na gari letu linazungusha starter bila kushika. Waumini walisukuma. Wengine waliomba. Gari halikuwaka.

Tulifika hospitalini baada ya saa tatu nzima, kwa pikapu ya kubeba mbuzi. Daktari alisema kama tungefika mapema mambo yangekuwa mengine. Ndeti, mwalimu mstaafu ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka barabarani, alirudi nyumbani bila neno hata moja. Mkono wa kulia umekufa, mguu umekufa. Macho tu ndiyo yaliyobaki yake.

Wengi wenu mlinitumia pole. Nawashukuru. Mkimaliza kusoma ya leo, najua mtazitaka zirudi.

Gari lilikaa uani wiki sita, kuku wakitaga chini yake. Kisha Kiilu, mdogo wake Ndeti, akaniambia:

"Mama Ben, hii gari haijafa. Iko na ugonjwa wa umeme tu. Kuna fundi huko mjini Wote anaijua hiyo kitu. Anaitwa Hemedi, mtu wa Kitui."

Hemedi alikuja Jumanne, jua likiwa limeshapanda, na begi mgongoni. Mtu wa makamo, mpole, kofia kichwani. Kabla ya kugusa gari aliomba amwone mgonjwa. Aliushika ule mkono mzima wa Ndeti akamwambia, "Mwalimu, gari yako tutaiamsha."

Kisha akaketi kwenye usukani, akawasha swichi. Taa ndogo yenye picha ya ufunguo ikaanza kupepesa.

"Unaiona hii, mama?"

"Naiona. Siku ile pia ilipepesa hivyo hivyo."

"Hii ni imobilaiza. Ni kama askari wa geti. Ndani ya kichwa cha funguo kuna chipu ndogo. Hapa kwa tundu kuna ringi inaisoma hiyo chipu. Ikiijua, injini inapewa ruhusa. Isipoijua, utazungusha starter mpaka betri iishe."

"Sasa haijui funguo yetu?"

"Ngoja tuone kama ni funguo imesahauliwa ama ni askari mwenyewe amelala."

Alichomeka mashine yake chini ya dashibodi. Akajaribu ufunguo wa Ndeti, akajaribu wangu wa akiba. Akafungua plastiki inayozunguka usukani, akaitoa ile ringi, akaipima. Alipoubana waya wake kwa kidole, taa iliacha kupepesa. Alipoachilia, ikaanza tena.

"Ndiyo hii. Waya umeachana na plagi, nafasi ndogo kama unywele. Asubuhi kukiwa na baridi unashikana. Jua likipiga, unaachana."

"Kwa hivyo mume wangu alipoteza ulimi kwa sababu ya unywele?"

Hemedi hakunitazama. "Pole sana, mama."

Alipasha moto kifaa chake, akauunga waya upya kwa risasi iliyoyeyuka, akarudisha kila kitu mahali pake. Akazungusha ufunguo. Gari likanguruma mara moja tu na kushika. Kuku walitawanyika. Mimi nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango nikalia.

Angefunga begi lake saa hiyo akaenda, leo singekuwa na hadithi ya kuwapa.

Lakini Hemedi alikuwa bado anaangalia mashine.

"Mama, hapa nyumbani mko na funguo ngapi?"

"Mbili. Hizo umeshika."

"Kompyuta ya gari inasema tatu."

"Gari lilikuja na mbili. Nilikuwepo likinunuliwa."

"Basi ya tatu iliongezwa baadaye. Hii kitu haiwezi kujiandika yenyewe. Lazima mtu alikaa hapa na mashine kama yangu, na mwenye gari akakubali."

Mimi nina duka la nguo za shule pale sokoni. Kila Alhamisi huenda Wote kuchukua vitambaa, nikarudi jioni. Na kwa miaka miwili nilikuwa nikiona mafuta ya gari yanashuka kati ya Jumatano na Ijumaa. Nikimuuliza Ndeti, alikuwa akisema alizunguka kidogo kuona wazee wenzake.

Niliingia chumbani. Ndeti alikuwa amelala akitazama mlango. Tulikuwa na lugha yetu ya macho tangu atoke hospitalini. Kufumba mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana.

"Kuna mtu ana ufunguo wa gari letu?"

Akafumba mara moja.

"Ni mwanamke?"

Mara moja.

"Anaichukua Alhamisi, nikiwa Wote?"

Mara moja. Machozi yakaanza kumtoka kwa jicho la kulia, lile lisilojifunga vizuri.

"Ana mtoto?"

Akafumba mara moja, akafungua macho kwa nguvu, akaanza kutoa sauti kooni, kama mtu anayekokota kiti. Alitaka niendelee kuuliza. Leo najua alitaka niulize swali moja tu zaidi.

Sikuuliza.

"Miaka thelathini nimekupikia," nikamwambia. "Nimekuosha kinyesi wiki sita. Kumbe ninamtunzia mwanamke mwingine bwana."

Nilitoka nje. Hemedi alikuwa anakunja waya zake.

"Unaweza kuufuta ule wa tatu?"

"Naweza. Nitazifuta zote, halafu niandike upya hizi mbili. Ile ambayo haiko hapa leo itakuwa chuma tu. Itaingia, itazunguka, lakini haitawasha."

"Futa."

Alisita. "Mama, sijui mambo ya nyumba yako. Lakini huyo mtu hatajua. Atakuja akidhani gari ni nzima. Je, akiwa na shida?"

"Shida zake atampelekea mume wake. Futa, fundi."

Alifuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Ndeti hakupata chakula cha moto siku hiyo. Nilimlisha uji uliolala, haraka, mpaka ukamwagika shingoni, na sikuupangusa. Nilichukua redio yake nikaipeleka jikoni. Kisha nikageuza kitanda ili aangalie ukuta. Aliguna nyuma yangu jioni yote, nami nikaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kumshinda.

Jumatano Kiilu alipita.

"Nimesikia gari imepona?"

"Imepona kabisa. Inawaka mara moja."

Uso wake uling'aa kuliko vile nilivyotarajia. Sikumwambia habari ya ufunguo. Nilimwomba tu kitu kimoja.

"Kesho nisaidie. Nenda Wote badala yangu unichukulie vitambaa. Miguu inaniuma. Lakini usimwambie mtu, wateja watanijazia nyumba nikiwa nataka kupumzika."

Alikubali. Siku zote Alhamisi ni yeye aliyekuwa akikaa na Ndeti.

Alhamisi nilifunga mlango kwa ndani. Niligeuza kitanda tena, safari hii kikatazama dirisha la uani, maana nilitaka Ndeti aone. Nilimwinua kwa mito. Nikasimama kando ya pazia, ufunguo wangu mfukoni mwa gauni.

Saa nne na nusu, mwanamke aliingia getini mbio.

Nilimjua. Alikuwa Kanyiva, mjane anayeishi nyuma ya kinu cha unga, zamani dereva wa basi la watoto wa shule. Mikononi alikuwa amebeba mtoto wa kike, wa miaka mitano au sita, amefungwa nusu ndani ya shuka.

"Kumbe ni huyu," nikamnong'oneza Ndeti. "Hata huna macho mazuri."

Kanyiva alimweka mtoto kiti cha mbele. Akaingia, akazungusha ufunguo. Starter ikazunguka. Gari halikushika. Akajaribu tena. Na tena.

Nitawaambia ukweli wote, maana ndiyo sababu nilianza kuandika. Nilifurahi. Kila starter ilipozunguka bure, nilihisi kama mtu ananikanda mabega.

Nilimtazama yule mtoto kupitia kioo. Nikatafuta pua ya Ndeti usoni pake. Nikaiona, vile vile, pana na imeinuka kidogo. Nikaona pia kifua chake kikipanda na kushuka haraka haraka, mabega yakipanda nacho. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Sitawadanganya kwamba sikuiona.

Kanyiva aliruka nje akaja mlangoni.

"Kiilu! Kiilu, fungua! Gari imekataa! Mtoto kifua kimefunga!"

Akagonga kwa viganja vyote viwili.

"Kiilu, uko na funguo ya Mwalimu? Nipe hiyo nijaribu! Dawa yake ya kuvuta imeisha! Ngai, Mungu wangu, Kiilu!"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Ningefungua dirisha na kuurusha tu.

Ndeti alianza kuguna. Hakuwa ameguna hivyo tangu augue. Shingo ilimvimba, macho yakamtoka, mkono mzima ukapiga ukuta. Niliogopa Kanyiva atasikia. Nikapanda kitandani nikamfunika mdomo kwa kiganja, nikabana mpaka sauti ikaisha.

Nje, Kanyiva alirudi kwenye gari. Akajaribu mara tatu zaidi. Halafu akamtoa mtoto, akakimbia naye barabarani akipigia bodaboda kelele. Tangu aingie getini mpaka atoke, ilikuwa kama dakika ishirini.

Nilimwachilia Ndeti mdomo. Nikaenda jikoni nikapika wali na ndengu, nikala nikashiba.

Kiilu alirudi saa kumi na moja jioni. Hakuwa na vitambaa. Alikaa kwenye kiti bila kuvua kofia.

"Mtoto amefariki," akasema. "Juu ya bodaboda, kabla ya kufika kituo cha afya. Kanyiva anasema vumbi lilimmaliza. Anasema alipoteza muda hapa."

"Pole kwake. Nilikuwa nimelala, sikusikia mtu," nikasema. "Mungu anajua alimpata wapi huyo mtoto."

Kiilu aliinua kichwa. "Kanyiva? Hiyo si mtoto ya Kanyiva. Yeye alikuwa anamlea tu mamake akiwa kazini Emali."

"Basi ni wa nani?"

"Wa Syombua."

Wasomaji wangu, nimewaandikia wiki saba. Nimewaambia juu ya mwanangu Ben aliye Mombasa, juu ya duka, juu ya wakwe. Sijawahi kuwaambia kwamba nina binti.

Syombua alipata mimba akiwa kidato cha nne. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, nikifundisha wasichana wa watu jinsi ya kujitunza. Nilimpakia nguo zake kwenye gunia la mahindi, nikamsindikiza mpaka barabarani mchana watu wakiona. Nikamwambia Ndeti kwamba siku atakayotaja jina hilo nyumbani kwangu nitaondoka. Majirani waliozoea kuniita Mama Syombua niliwaamuru waniite Mama Ben. Ndeti hakulitaja. Miaka sita.

"Mwalimu alikuwa anamsaidia," Kiilu aliendelea. "Mtoto alikuwa na pumu mbaya. Kliniki yake ni Alhamisi. Mwalimu akamtengenezea Kanyiva funguo yake, akamwambia, siku kifua kikibana usiulize mtu, kuja uchukue gari. Mimi nilijua. Tulikuficha kwa sababu tulikujua. Jana uliponiambia gari imepona, nilikimbia kumwambia Kanyiva, furaha ikanisahaulisha kumwambia kwamba leo uko nyumbani. Yeye alikuwa amezoea kwenda na bodaboda wiki zote hizi. Leo angeenda nayo moja kwa moja. Ni mimi nilimleta hapa."

Alianza kulia. Alijilaumu yeye. Nami nikamwacha ajilaumu.

"Mtoto anaitwa nani?" nikauliza.

"Hukujua? Anaitwa Mwongeli. Syombua alimpa jina lako."

Nilikwenda chumbani. Ndeti alikuwa bado anatazama dirisha, lile gari uani, mlango wake wa mbele haujafungwa. Nilimwita. Hakugeuza macho. Nilimwambia sikujua. Nilimwambia mara nyingi. Hakufumba mara moja wala mara mbili.

Tangu siku ile mpaka leo hajanijibu swali lolote, hata la kama anataka maji.

Mtoto wa binti ambaye hajaolewa huzikwa kwa babake mama. Hivyo mwili uliletwa kwetu Jumanne asubuhi, wiki moja kamili tangu fundi aje. Jeneza lilikuwa dogo, Kiilu angeweza kulibeba peke yake. Kwenye msalaba wa mbao waliandika jina langu kwa rangi nyeusi.

Nilijiandaa kwa matusi. Nilitaka matusi. Nilisimama mlangoni nikingoja Syombua anitemee mate.

Alikuja amekonda, ana miaka ishirini na minne na uso wa mtu wa arobaini. Alipiga magoti mbele yangu, watu wakiona.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe," akasema. "Nilikuaibisha. Nilidhani nikimpa jina lako siku moja utataka kumwona."

"Inuka," nikasema.

"Kama ungesikia siku ile, ungetufungulia, sivyo? Hata kama unanichukia mimi. Mtoto ungemfungulia."

"Inuka, Syombua. Nguo itachafuka."

Alinikumbatia shingoni. Alinuka sabuni ya kipande na machozi. Miaka sita sikuwa nimemgusa mwanangu. Nami nilimshika, nikalia naye, na akina mama wakasema asante Mungu kwa kuwapatanisha.

Ndeti alitolewa kwa kiti cha plastiki, Kiilu na wanaume watatu wakambeba mpaka kaburini. Walimweka upande wa pili, akanitazama moja kwa moja. Syombua alimfuta mate kila wakati, akimwambia, "Nau, baba, usilie sana, utaumia." Alidhani analia msiba tu.

Mchungaji alipofungua Biblia, Kanyiva alikuja akasimama kando yangu. Karibu sana, kama watu wanaotumia kitabu kimoja cha nyimbo.

"Pazia lilitingika," akasema, macho yake kwenye jeneza.

"Sijui unaongea kuhusu nini."

"Niliona vidole vyako, Mama Syombua. Na nilimsikia Mwalimu akiguna. Halafu nikasikia akinyamazishwa."

"Mbona hukumwambia Syombua?"

"Hajalala tangu Alhamisi. Na amebaki na mama mmoja tu. Nilitaka uwe wewe."

"Nitamwambia. Baada ya mazishi."

"Kabla. Kabla udongo haujaingia. Asimzike mtoto wake akikushukuru. Ukishindwa, nitasema mimi, mbele ya watu hawa wote."

"Kanyiva, nakuomba. Wewe pia ni mzazi."

"Mimi ndiye nilikuwa nimembeba," akasema. "Alipumua mara ya mwisho hapa." Akajigusa bega.

Syombua alikuja katikati yetu akanishika mkono.

"Mama, simama na mimi. Siwezi kuona akishuka nikiwa peke yangu."

Tulisogea ukingoni. Wanaume wanne walishika kamba. Upande wa pili Ndeti hakupepesa jicho. Nilihisi Kanyiva nyuma yangu.

"Syombua," nikasema.

"Ee, Mama?"

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Neno lilikuwa hapo. Akaniangalia kwa yale macho aliyokuwa nayo akiwa mdogo, akingoja.

"Vuta kitambaa chako mbele," nikasema. "Jua ni kali."

Akatabasamu kidogo, akavuta kitambaa.

Kamba zikakazwa. Jeneza likainuka kutoka kwenye mbao. Ndipo nikaona mchungaji anatazama nyuma ya bega langu, na watu wote wanageuza vichwa kule kule. Kanyiva alikuwa ameinua mkono.

Mchungaji aliwaashiria wenye kamba wasubiri. Akafunga Biblia juu ya kidole chake.

"Karibu, mama," akasema. "Ongea, tunakusikiliza."